Voisi ya sekunde 47

Dereva mmoja wa watalii alifika mwanzoni mwa Septemba 2024, akaweka simu mezani kabla hata hajakaa. "Dada, sikiliza hii kwanza, maneno baadaye." Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha. Siruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani. Ninamsikiliza, ninampangia karatasi zake, kisha anakwenda kwa wakili akiwa anajua anachokitaka. Kisa chake nimekibadilisha hapa na pale ili asitambulike, na mwenyewe ameridhia kiandikwe.

Niliicheza ile voisi mara nne nikiandika kwa penseli, neno kwa neno. Si ushamba. Kesi nyingi za kuchafuliwa jina hufia hapo: mtu anakwenda na "alinisema vibaya", wakati mahakama inataka maneno yenyewe yaliyotamkwa yawemo ndani ya hati ya madai. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo angalau hatukuwa na kazi ya kutafuta Kiingereza cha "kunyonya dizeli". Ukiondoa salamu na kukohoa, tulibaki na haya:

"Oya wakubwa, kuna jamaa anazunguka kutafuta kazi, yule wa Kruza la kijani. Sisi tumemtimua. Alikuwa ananyonya dizeli kila akilala Karatu. Halafu mbishi. Mkimchukua, msije mkasema hamkuambiwa."

Kruza ni Land Cruiser, gari la safari. Sauti ni ya msimamizi wa magari wa kampuni aliyotoka. Ilirushwa tarehe 9 Mei 2024 kwenye grupu la WhatsApp la madereva wa safari, lenye watu zaidi ya mia mbili.

Sasa turudi nyuma kidogo. Miaka sita kaka huyu aliendesha watalii kwa kampuni hiyo. Mwishoni hakuwa na raha na msimamizi wake, kwa sababu alimshitaki kwa mkurugenzi juu ya posho za kulala Karatu zilizokuwa zikifika pungufu mikononi mwa madereva. Baada ya hapo akawa anapangiwa safari za siku moja tu, Tarangire kwenda na kurudi. Machi akaandika barua ya kuacha kazi, akatoa notisi ya siku 28 ambayo sheria inaitaka kwa anayelipwa kwa mwezi, akakabidhi gari na vyake: tairi mbili za akiba, jeki, friji ndogo, darubini. Fomu ya makabidhiano ilisainiwa na huyo huyo msimamizi. Nakala ya barua ina muhuri wa "imepokelewa". Cheti cha utumishi hakupewa, na hakukiuliza. Msimu wa Juni ulikuwa unakaribia na yeye alikuwa na haraka.

Mei alipata pa kwenda. Meneja wa kampuni ya kwanza alimjaribu barabarani, wakakubaliana mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi pamoja na posho za safari, aanze tarehe 1 Juni. Ikafika tarehe 1 Juni, "tutakupigia". Kampuni ya pili ilimwambia wazi: "Tumeuliza ulikotoka, hatukupata jibu zuri." Wameuliza kwa nani? Si ofisini. Mameneja wote wawili walimpigia msimamizi wa magari kwenye namba yake binafsi. Anayeijua biashara ya safari ya mji huu hatashangaa. Barua za mapendekezo ni mapambo tu, kazi hutolewa na kunyimwa kwa simu ya dakika mbili.

Kwa hiyo mezani palikuwa na mambo mawili yaliyoletwa kama moja: voisi ya grupu, na zile simu mbili. Mwenyewe alikasirishwa na voisi. Mimi niliziogopa zaidi simu.

Tuanze na voisi. Maneno yake hayana uzito sawa. "Mbishi" tuliliweka pembeni siku hiyo hiyo. Ni maoni, na baada ya nusu saa mezani naye sikuona ajabu mtu kuyafikia. "Tumemtimua" ni habari ya tukio, na ni uongo unaoshikika kwa mkono, maana barua ina muhuri. "Ananyonya dizeli" ndilo lenye sumu. Kwa kanuni tulizozipokea kutoka kwa Waingereza, ambazo mahakama zetu huzitumia kwa kuanzia na hali ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kashfa ya mdomo kwa kawaida inamtaka mlalamikaji aonyeshe hasara aliyoipata. Lakini ukimsingizia mtu kosa la jinai, au ukimgusa kwenye kazi inayomlisha, hasara inachukuliwa kuwa imekwishatokea. Msimamizi alifanya yote mawili kwa pumzi moja. Mawakili wanaweza kubishana mchana kutwa kama sauti iliyorekodiwa ni kashfa ya mdomo au ya maandishi. Hapa ubishi huo hauna faida.

Jina lake halikutajwa popote. Hilo si tatizo kama linavyoonekana. Kinachotakiwa ni kwamba waliosikia walimtambua, na jioni ile ile madereva watatu walimpigia kumwambia "ni wewe unayesemwa". Kruza la kijani kwenye kampuni ile lilikuwa moja.

Kisha nikamuuliza swali ambalo huwa nalichelewesha mpaka mtu amekunywa chai. "Kaka, ulinyonya?"

Alikaa kimya muda ambao haukunipendeza. Halafu akasema mwaka 2019, njia ya kutoka Mto wa Mbu, alimkuta dereva wa kampuni nyingine amekwama na wageni, akampa lita tano, akaandika kwenye logibuku. Basi. Nilimwamini, ila mimi si hakimu. Ukweli ni ngao kamili kwenye kesi ya kashfa, na mzigo wa kuuthibitisha anabebeshwa yule aliyesema. Lita tano zilizoandikwa kwa mkono wa dereva mwenyewe hazifanani na wizi wa "kila akilala Karatu", lakini logibuku iko mikononi mwa kampuni, na wakili wa upande wa pili ataufungua ukurasa huo kwa furaha. Bora jambo kama hilo litoke kwako kwanza. Mtu anayemficha wakili wake lita tano atakuja kulipa pipa zima.

Zile simu ni habari nyingine. Meneja anayetaka kuajiri ana haki ya kuuliza, na aliyewahi kumsimamia mtu ana haki ya kujibu. Sheria inaiita hali hiyo kinga yenye masharti, na kesi inayotajwa siku zote ni Adam dhidi ya Ward ya Uingereza, ya mwaka 1917: msemaji awe na wajibu au maslahi ya kusema, na msikilizaji awe na wajibu au maslahi ya kusikia. Ukiwa ndani ya duara hilo, hata ukikosea hushitakiki kwa kashfa, ilimradi ulisema kwa nia safi. Ndiyo maana niliziogopa simu. Maneno yaliyomnyima mkate yamesemwa mahali penye kinga. Yaliyosemwa kwa kelele, ambayo pengine hakuna meneja hata mmoja aliyeyasikia, hayana kinga.

Mbona grupu halina kinga, hali na lenyewe ni la watu wa safari? Kwa sababu madereva hawaajiri madereva. Kuna kesi nyingine ya Kiingereza, Watt dhidi ya Longsdon ya 1930, ambamo mkurugenzi alipokea barua ya tuhuma juu ya meneja wa kampuni aliyekuwa Casablanca. Alipomwonyesha mwenyekiti wa kampuni, mahakama ikaona ni sawa. Alipomwonyesha mke wa meneja, kinga ikakatika, ingawa barua ilikuwa ile ile. Kesi hiyo imekuja baada ya 1920, kwa hiyo haiwafungi mahakimu wetu, lakini hoja yake inaeleweka hata kijiweni: kuna wa kuambiwa, na kuna asiyehusika. Watu mia mbili na zaidi ni wasiohusika wengi mno.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hatuna kesi mbili. Kinga ya simu huvunjwa na nia ovu, na nia ovu haionekani kwa macho, inasomwa kwenye matendo. Msimamizi alisema "tumemtimua" akijua kwamba hakutimuliwa, maana ni yeye aliyesaini makabidhiano. Alikuwa na kinyongo cha posho kilichofika mpaka kwa mkurugenzi. Na katika siku zile zile alizowajibu mameneja, alikuwa akitangaza mambo hayo hayo kwenye grupu bila kuulizwa na mtu. Mtu wa namna hiyo akisema alipokea simu za mameneja kwa moyo mweupe, voisi yake mwenyewe inamkanusha. Wakili tuliyempelekea faili alichukua fomu ya makabidhiano akaiangalia kwa muda mrefu kuliko karatasi nyingine zote.

Bahati mbaya mteja wangu alikuwa ameshafanya mambo mawili kabla hajaniona.

La kwanza, alijibu kwenye grupu. Aliandika kwamba mwizi halisi ni msimamizi, anayekula posho za watoto wa wenzake, na akaongeza matusi ambayo siyarudii. Sasa naye amemsingizia mtu kosa la jinai mbele ya mashahidi wale wale. Kesi ikifunguliwa, jibu la mdaiwa litakuja na madai kinzani yamebandikwa nyuma. Nilimwambia aache ujumbe wake ulivyo, kwani skrini shoti zilishapigwa, na kufuta sasa kungeonekana kama kuficha. Lakini asiongeze hata nukta.

La pili lilimfanya ajione mjanja. Alimwomba binamu yake ampigie msimamizi, ajifanye meneja wa kampuni ya Moshi anayetaka kuajiri, na arekodi. Msimamizi akamwaga yote. Shida ni kwamba mdaiwa atasema: haya maneno wewe mwenyewe ulituma mtu ayafuate, huwezi kulia kwamba yametangazwa. Ile rekodi inaweza kuwa na faida kidogo kuonyesha tabia, lakini msingi wa kesi haiwezi kuwa. Kesi inasimama kwa mameneja halisi wawili, kama watakubali kusema walichoambiwa.

Na je, watakubali? Hapo ndipo kesi za Arusha hukwama. Yule wa kampuni ya pili alisema hataki makuu. Shahidi anaweza kuitwa kwa hati ya wito, lakini shahidi aliyeburutwa ana kumbukumbu fupi. Madereva nao wanaogopa. Msimamizi wa magari ni mtu wa kuogopwa katika kazi ile, anajua nani anatafuta kazi wapi. Mmoja tu kati ya watatu alikubali kuandika maelezo, na kwa kazi yetu mmoja ni mwanzo. Yeye yumo ndani ya grupu na voisi aliipokea moja kwa moja. Simu yake ina thamani kuliko ya mteja wangu, aliyerushiwa na mtu wa pili na kuingia grupuni baadaye. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, lakini mahakama itataka kujua ulihifadhiwa vipi, na nani, na kama umeguswa. Nilimwomba dereva yule asibadilishe simu, asiifute grupu, na apige picha za skrini zinazoonyesha tarehe na namba iliyorusha.

Polisi? Aliuliza, kila mtu huuliza. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kashfa ikaacha kuwa jinai chini ya sheria hiyo, miaka minne baada ya Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao papa hapa Arusha, kusema vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Imebaki Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinamtishia anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma: faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sikumshauri aende huko. Ukishafungua jalada, kesi ni ya Jamhuri. Huwezi kuisimamisha unapotaka, faini haiji mfukoni mwako, na nia lazima ithibitishwe bila shaka yoyote ya msingi. Isitoshe, naye alikuwa na ujumbe wake wa matusi kwenye grupu lile lile. Angeingia kituoni kama mlalamikaji, sina hakika angetoka kama nani.

Mahakama ya Mwanzo si mahali pake. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nayo tuliijadili, kwa sababu sheria za kazi zinagusa hata madai ya madhara, kama kashfa, kati ya mwajiri na mwajiriwa, na mdaiwa mwerevu angeweza kuleta pingamizi la awali la mamlaka. Ila maneno yalisemwa baada ya ajira kwisha, na aliyeyasema hakuwa mwajiri. Wakili aliona njia ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, dhidi ya msimamizi binafsi. Kuiunganisha kampuni ni kamari: kwenye grupu alikuwa na simu yake na chuki yake, kwenye zile simu za mameneja labda alikuwa akijibu kwa cheo. Wakili alitaja kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1994, ambapo mwajiri aliyetoa maelezo ya kizembe juu ya mfanyakazi wake wa zamani aliwajibishwa kwa uzembe wenyewe, bila kuhitaji kuthibitisha nia ovu. Ni hoja nzuri. Lakini hakimu wetu anaweza kuisikiliza na kuiacha, na mteja wangu hana fedha za kujaribu hoja nzuri.

Fedha zenyewe tulizihesabu kwenye kipande cha karatasi. Fidia mahsusi lazima itajwe na ithibitishwe senti kwa senti. Mahakama haina huruma hapo. Mshahara wa Juni hadi Oktoba, mara tano 600,000, ni milioni tatu. Hata hizo zinategemea meneja akiri kwamba walikubaliana, maana hakuna kilichoandikwa. Posho? Inategemea safari. Tipu za wageni, ambazo kwa dereva wa msimu mkubwa zinaweza kuuzidi mshahara, hazina risiti, kwa hiyo kwenye madai ni kama hazipo. Hilo lilimuuma kuliko dizeli. Fidia ya jumla iko kwenye busara ya mahakama, na sikumtajia namba yoyote, ingawa alinibembeleza.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka msimamizi apatikane na aibu. Nikamuuliza tena, akasema anataka kuendesha.

Kama ni kuendesha, kesi ingemchelewesha. Tulianza na mambo mawili madogo. Moja ni barua kwa ofisi ya kampuni ya zamani kuomba cheti cha utumishi. Ni haki ya kila mwajiriwa ajira inapokwisha, na haitegemei kupendwa. Siku 60 za kulalamika kwenye Tume zilikuwa zimepita na angelazimika kuomba kuongezewa muda, lakini barua peke yake ilitosha: cheti kilitoka wiki ya pili, kikionyesha miaka sita. Nadhani ofisini hawakujua hata kidogo kilichokuwa kikisemwa kwa jina lao. Katika barua hiyo hiyo aliomba, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, aelezwe ni taarifa gani zake wanazo na kama kuna rekodi ya wizi wa mafuta. Walijibu kwamba faili lake halina shauri lolote la nidhamu. Mstari mmoja ule, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, sikuutegemea.

Ya pili ni barua ya wakili kwa msimamizi, yenye maneno ya voisi yote na picha ya fomu ya makabidhiano yenye saini yake. Ilimpa siku 14 kukanusha mahali pale pale aliposemea. Wakati tukisubiri, mke wa mteja akapita njia yake. Msimamizi anakaa Usa River, ni Mmeru, na ukoo wao una mshili, mzee kiongozi wa ukoo, anayesikilizwa. Mimi nilisita, wazee wakati mwingine huwapatanisha watu kwa kumtaka aliyeonewa aseme samahani kwanza. Wakili akashauri waende, ila wasiandike wala kusaini chochote kule bila kuonyeshwa. Walikaa saa tatu chini ya mparachichi. Msimamizi hakukubali kwamba alisema uongo, alisema "aliambiwa". Mteja wangu, kwa shingo upande, aliomba radhi kwa matusi.

Siku ya kumi na mbili ikaja voisi nyingine kwenye grupu, sekunde 19: kwamba jamaa wa Kruza la kijani aliacha kazi mwenyewe kwa barua, na habari za dizeli "hazina uthibitisho, nazifuta." Wakili alitaka "ni za uongo". Tulipima, tukaipokea kwa maandishi kama hatua, si kama mwisho wa madai. Tena grupu ni lile lile. Wale mameneja wawili hawamo. Hao tuliwapelekea nakala ya cheti na ule mstari wa faili, bila maneno mengine.

Desemba kampuni ya kwanza ilimpa safari mbili za kushikiza, gari la mtu aliyekuwa mgonjwa. Hajaajiriwa. Faili lake lipo kwenye kabati yangu, na juu ya bahasha nimeandika kwa kalamu nyekundu "9 Mei 2027", kwa sababu madai ya aina hii yana miaka mitatu kisha mlango unafungwa. Alipoiona aliuliza kama tarehe hiyo inaweza kusogezwa. Nikamwambia hapana. Akachukua kalamu, akaipigia mstari wa pili.